Tuktuk inalia lakini haiendi: ni klachi, ni gia ama ni shafti? Tulinganishe kabla spana hazijatoka

Jamani hii habari ya "klachi imeisha" imezidi (klachi ndio inayounganisha na kukata nguvu ya injini kwenda kwenye gia). Tuktuk ikianza tu kuvuta vibaya kwenye ule mwinuko wa hapa Mombasa wa kutoka Makupa kwenda Changamwe, dereva anasema klachi, mwenye gari akipigiwa simu anasema klachi, fundi naye hata hajaipanda ashasema klachi, basi injini inafunguliwa, pleti mpya (visahani vya ndani ya klachi) zinaingia, gari inalala gereji na hesabu ya siku ya mwenye gari hakuna, alafu ikitoka ukibeba abiria watatu na magunia yao ya soko la Kongowea mambo yako palepale. Na sio kwamba mafundi wetu hawajui kazi, wanajua sana, ila wanaletewa gari na jibu lishatolewa. Mtu akikuambia "nibadilishie pleti" na pesa iko mkononi, wewe fundi utabishana naye mpaka lini?

Kwa hivyo hapa nawaweka washukiwa wote mmoja kando ya mwengine, dalili zao, namna ya kuwapima bila kufungua kitu, na yupi uanze naye. Naongelea tuktuk za abiria tulizozizoea hapa Mombasa, Bajaj RE na TVS King za stroki nne, injini ya cc 200 hivi iko nyuma, gia nne na rivasi, gia unazungusha kwa mkono wa kushoto hapohapo kwenye lever ya klachi. Kama yako ni ile ya mizigo yenye gia ya mguu mengi yatakufaa pia, lakini upande wa shafti umbo lake ni tofauti.

Kwanza, je kweli inateleza?

Kuteleza ni resi, yaani mlio wa injini, kupanda na mwendo kubaki. Kama ukizungusha mafuta mlio haupandi na mwendo haupandi, hio haitelezi, hio haina nguvu, na hapo klachi mwachie amani yake, angalia kabureta, plagi, filta ya hewa, kompresheni. Kingine ambacho watu wanakiruka ni breki iliyoshika. Endesha kidogo bila kupiga breki sana, simama, weka mkono karibu na kila gurudumu, moja likiwa moto kuliko wenzake basi breki yake haiachii. Hii usiipuuze manake breki inayoshika inaifanyisha klachi kazi ya mlima hata ukiwa pale Mama Ngina barabara iko sawa kabisa, na pleti mpya utakazoweka zitaungua vilevile.

Haya, tuseme umehakikisha mlio unapanda na mwendo haupandi. Sasa sikiliza VILE unavyopanda, manake hapa ndio kuna tofauti kubwa na haikugharimu hata shilingi.

Klachi inateleza kwa ulaini. Mlio unapanda wenyewe polepole ama haraka lakini hakuna kugonga, hakuna kelele ya chuma, gia bado iko ndani, ukipunguza mafuta inashika tena. Inaanzia gia za juu, ya tatu na ya nne, gari ikiwa na mzigo, na inazidi injini ikipata moto. Gia ya kwanza unaweza usione kitu kabisa. Sababu ni kwamba gia ya kwanza gari inasukumika kirahisi, lakini ya nne ule uzito wote wa gari na abiria unairudia klachi, kwa hivyo klachi dhaifu inajisema huko juu kwanza. Saa ingine kuna harufu ya kuungua, lakini kwa vile klachi zetu zinaogelea kwenye oili harufu haitoki wazi kama ya klachi kavu ya gari, usiisubiri harufu ndio uamini.

Gia inayoruka haina ulaini wowote. Ni tak! mara moja, mlio unafyatuka juu kama umeshika klachi, na gari inabaki inatembea yenyewe. Inatokea kwenye gia moja, labda mbili, kila siku ni ileile, na mara nyingi ni pale unapoachia mafuta na kuyarudisha ama ukipita bampu. Ukirudisha gia kwa mkono inaingia na inaenda vizuri tu.

Shafti (chuma kinachopeleka nguvu gurudumuni), difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) na meno ya habu (kitovu cha gurudumu) wao wana kelele. Krrr, ama kugonga kok! unapoanza kuondoka na kok! tena ukiweka rivasi. Na hawachagui gia, kwanza, ya pili, rivasi, zote sawa. Leo inashika kesho haishiki, alafu siku moja injini inalia na tuktuk imesimama kati ya barabara kama imefungwa kamba.

Ukishika hizo tatu tu, laini, tak, na krrr, umeshaondoa kazi nyingi ya kubahatisha.

Jaribio la kuthibitisha

Lipo jaribio la barabarani na lipo la kusimama. La barabarani tafuta sehemu tupu asubuhi mapema, injini iwe ishapata moto, weka gia ya nne ukiwa kwenye kilomita 30 hivi kwa saa, alafu fungua mafuta ghafla. Kama klachi ni nzima injini itaguna na mwendo utapanda taratibu pamoja na mlio, vinaenda sambamba. Klachi inayoteleza mlio unaruka mbele kwanza, mwendo unakuja nyuma.

La kusimama, egesha gurudumu la mbele kwenye ukingo imara, kanyaga breki kisawasawa, weka gia ya tatu, resi kidogo tu, achia klachi. Injini inatakiwa izime hapohapo. Ikiendelea kulia bila kelele nyingine, klachi. Ikiendelea kulia na unaskia chuma kinasaga huko nyuma, usilaumu klachi, nenda kwenye shafti. Lifanye mara moja, usirudie rudie, kila ukirudia unazichoma hizo pleti mwenyewe, na hakikisha hakuna mtoto wala mtu amesimama mbele ya gari.

Mimi nalipenda zaidi la barabarani kwa sababu halichomi pleti sana na linaonyesha hali halisi ya kazi. La kusimama nitaliweka kwa gari ambayo haitoki kabisa.

Sasa ndani ya klachi yenyewe: kebo, oili, ama pleti?

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea kwa hivyo nitakaa kidogo. Hata ukishajua ni klachi, bado hujajua ni nini, kuna watu watatu ndani ya nyumba hio.

Kebo ndio wa kwanza kuangaliwa, siku zote, hata kama una uhakika ni pleti. Lever ya klachi inatakiwa iwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla haijaanza kuvuta, milimita 2 hadi 3 hivi pale kwenye shina la lever. Kama hakuna nafasi kabisa, kebo imekaza, basi ni sawa na mtu ameshika klachi nusu siku nzima, pleti hazibanwi vizuri na lazima ziteleze. Na kumbuka pleti zikiisha ile nafasi inapungua yenyewe, yaani gari iliyokuwa sawa miezi kadhaa iliyopita leo inaweza kuwa imekaza bila mtu kuigusa. Angalia pia ukiwa umekata usukani kushoto kabisa na kulia kabisa, kama nafasi inapotea upande mmoja basi kebo imepitishwa vibaya ama imenaswa mahali. Alafu achia lever na ujaribu kuisukuma mbele kwa kidole, ikienda mbele tena kidogo ujue kebo ina kutu ndani na hairudi yote. Hii kwetu ni kawaida sana, chumvi ya bahari haina huruma, gari inayolala Likoni ama Nyali karibu na ufuo kebo zake zinakula kutu upesi kuliko za bara. Hio usipoteze muda kuipaka grisi juu juu, nunua kebo mpya, ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na vyote vinavyofuata hapa.

Kuna mtego mmoja hapa. Gari ambayo gia zinaingia kwa ugumu, ama inataka kusogea hata ukiwa umeshika klachi, hio ina tatizo la kinyume, klachi haiachii. Dereva anakaza kebo ili gia ziingie, zinaingia kweli, lakini ile nafasi imekwisha na sasa klachi inateleza. Ukikuta kebo imekazwa sana uliza kwanza nani aliikaza na kwa nini, usije ukailegeza ukarudisha shida ya mwanzo ukafikiri ni mpya.

Oili ndio mshukiwa ambaye hashukiwi, na swali lake ni moja tu: kuteleza kulianza lini? Kama kulianza siku chache baada ya kubadilisha oili, usifungue injini, anza na oili. Klachi yetu ni ya maji maji, pleti zinakaa ndani ya oili, na oili za magari madogo ya kisasa nyingi zimewekwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari inywe mafuta kidogo. Kwa injini ya gari ni sawa kabisa, lakini pleti za klachi zinaishi kwa msuguano, ukiuondoa zinateleza. Ndio sababu Wajapani walitoa kiwango cha JASO cha oili za pikipiki mwaka 1998, MA kwa pikipiki zenye klachi inayolowa kwenye oili, na MB kwa zile skuta ambazo klachi yao iko kavu. Mwaka 2006 wakagawanya MA kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndio inayoshika zaidi. Kwa hivyo kwenye debe tafuta herufi MA, MA1 ama MA2, na unene ule kitabu cha gari kinasema, kwa tuktuk nyingi hapa ni 20W-50. Ukikuta MB ama debe la oili nyepesi ya gari dogo, rudisha dukani. Na zile dawa za kumimina ndani ya injini ziifanye "iwe laini", tafadhali, kwa klachi ya namna hii usiziguse.

Kabla hujamwaga hio oili mbaya, inuse. Ikinuka petroli basi kabureta inavujisha mafuta yanaingia ndani, oili inakuwa nyepesi kama maji, na hata uweke MA2 ya bei gani wiki ijayo utakuwa palepale mpaka ufunge huo mvujo. Ukishabadilisha, endesha siku chache, na ikiwezekana mwaga tena mapema kuliko kawaida ili mabaki ya ile ya kwanza yatoke. Kuna pleti zinazorudi kushika vizuri baada ya hapo, na kuna zisizorudi kwa sababu zilishateleza mpaka zikaungua uso. Lakini umejaribu dawa ya bei ya debe la oili kabla ya dawa ya bei ya klachi.

Pleti na springi zinazozibana wanakuja wa mwisho, na wao ni wa polepole. Kuteleza kunakuja kidogo kidogo, leo mlima wa Changamwe tu, mwezi ujao hata ile njia ya kutoka Daraja la Nyali kupanda Kongowea, mwisho hata barabara sawa ukiwa na abiria mmoja. Kebo ina nafasi nzuri, oili ni sawa, na bado. Hapo sasa fungua bila wasiwasi.

Kinachozimaliza haraka Mombasa ni nusu klachi. Pale feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, na zaidi siku za bamvua, rampu inakuwa mwinuko mkali, foleni inasogea hatua moja moja na madereva wengi wanaishikilia tuktuk isirudi nyuma kwa klachi na mafuta badala ya breki. Dakika chache za namna hio na abiria watatu ndani ni joto kubwa kwa pleti ndogo kama zile. Shika kwa breki, ondoka kwa klachi, ndio hivyo tu.

Ukifungua, usibadilishe pleti za msuguano peke yake ukafunga. Zipime unene na vernia (kipimo cha milimita) ulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako, macho hayatoshi. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya buluu zimeungua, zilaze juu ya kioo, ikicheza cheza imepinda, hio itakula mpya zako. Springi pima urefu zikiwa zimelegea, zilizofupika hazibani tena hata pleti ziwe mpya namna gani, na huyu ndiye anayesahaulika zaidi, mtu anaweka pleti za pesa nyingi juu ya springi zilizochoka. Na baskiti, kile kikombe cha nje kinachobeba pleti, pitisha kidole kwenye kuta zake, kama pleti zimechimba mifereji basi zitanasa, klachi itakuwa inashika kwa kurusha na haiachii vizuri. Mifereji midogo fundi mzuri anaipiga tupa, ya ndani sana badilisha baskiti.

Kwa hivyo kati ya pleti peke yake, pleti na springi, ama klachi yote nzima, mimi nachagua ya katikati kwa gari nyingi. Pleti peke yake ni kuokoa pesa kidogo ili ulipe kazi ya kufungua mara mbili. Klachi yote mpya inafaa gari ambayo baskiti imekwisha, sio kila gari. Na pleti mpya zilowekwe kwenye oili ileile utakayotumia, zilale humo usiku kucha ikiwezekana, ukizifunga kavu zinaanza maisha kwa kuungua. Orijino ama za soko? Za soko zipo nzuri zipo mbaya na kwa macho huwezi kujua zote, kwa hivyo kwa pleti nalipa za orijino, kwa kebo sioni shida kuchukua ya soko iliyo imara.

Gia inayoruka: kebo ama meno?

Hapa ulinganisho ni mfupi. Gia zetu zinavutwa na kebo mbili kutoka mkononi mpaka kwenye injini, zikilegea gia haizami yote na inachomoka. Nenda nyuma, weka ile gia inayosumbua, tazama ule mkono unaovutwa na kebo pale kwenye injini, usogeze kwa mkono wako kuelekea ndani ya gia hio. Ukizama zaidi ya ulipofikishwa na kebo, rekebisha kebo, kazi ndogo. Usiposogea hata kidogo na bado barabarani inaruka, basi meno ya gia yamekuwa mviringo ama uma unaoisukuma umelika, na hio ni kufungua injini katikati, kazi ya fundi aliyetulia. Usiiache muda mrefu, vile inavyoruka ndivyo inavyozidi kusaga meno.

Shafti na habu: huyu hangoji

Difu ya tuktuk ni ya kawaida, inapeleka nguvu upande ulio mwepesi. Maana yake meno ya upande MMOJA tu yakiisha, shafti hio inazunguka bure, nguvu yote inakimbilia huko na gurudumu la upande wa pili, ambalo ni zima, halipati kitu. Ndio mtu anashangaa gari nzima imekataa kumbe ni habu moja.

Kupima, zima injini, weka kigingi gurudumu la mbele, inua nyuma yote kwa jeki na uweke stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Weka gia ya kwanza. Zungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili linatakiwa lizunguke kinyume. Kama gurudumu linazunguka na shafti yake imesimama, meno ya habu ama dramu ya breki upande huo yameisha. Kama shafti inazunguka na gurudumu lake lakini upande wa pili kimya, angalia kama shafti ya upande ule inazunguka, ikizunguka bila gurudumu lake habu ya kule ndio mbaya, na ikiwa imesimama nayo basi shida iko ndani, kwenye difu ama pale shafti inapoingia. Tazama na mabuti ya mpira yanayofunika maungio ya shafti, yaliyopasuka yanaingiza maji na mchanga, na nyinyi mnajua mvua ya masika ikishuka barabara zetu zinakuwaje.

Sababu kubwa ya meno ya habu kuisha ni nati kubwa ya katikati ya gurudumu kulegea, ama pini yake kutorudishwa baada ya kazi ya breki. Ndio maana nasema huyu hangoji: klachi inayoteleza itakuchelewesha, lakini nati iliyolegea inaweza kuliachia gurudumu ukiwa na watu ndani. Ukisikia ile kok! ya kuondoka, shusha abiria, kagua nati na pini leo, sio Jumamosi. Na ukibadilisha habu kagua meno ya shafti pia, habu mpya juu ya shafti iliyolika hazidumu.

Ukienda kwa fundi

Usimpelekee jibu, mpelekee dalili. Kitu kama: "Fundi shikamoo, tuktuk mlio unapanda laini gia ya tatu na ya nne, ikiwa na watu, ikipata moto. Kebo ina nafasi, nimeweka oili ya MA na bado. Hakuna kelele nyuma." Fundi akiskia hivyo hana haja ya kubahatisha, na mwenye gari naye akipigiwa simu anaelewa kwa nini pesa inatakiwa. Kama una pesa ya kitu kimoja tu leo na dalili ni za klachi, iwe kebo. Ukiwa na ya vitu viwili, kebo na oili. Pleti zikifikiwa kufunguliwa, kaa hapo, omba zile za zamani ziwekwe kwenye gazeti mbele yako zote, za msuguano kando, za chuma kando, springi kando, na yoyote ya chuma iliyo na buluu mwambie fundi asiirudishe ndani.